Kofia Kwenye Swichi ya Pili

Pampu ya pili iliwaka mkono wa fundi ukiwa bado juu ya shafti. Alikuwa akiizungusha taratibu kwa vidole, sikio ameliinamisha kama daktari kifuani mwa mgonjwa, asikie kama sili mpya, ile ya kuzuia maji yasivuje, inakwaruza. Shafti ikamponyoka, ikazunguka yenyewe, ikaondoka na ukucha wa kidole cha shahada. Akapiga ukelele. Pampu nayo ikapiga wake, ukelele mkavu wa chuma kinachozunguka bila maji, na waliokuwa ukumbini juu hawakujua upi ni wa mtu na upi ni wa mashine.

Shimo la pampu lilikuwa ngazi nane chini ya ukumbi wa nyuma wa hospitali. Humo ndani zilikaa pampu pacha, mbili bega kwa bega, zikivuta maji kwenye bomba moja na kuyasukuma kwenye bomba moja hadi tangi la juu ya paa. Moja ikitengenezwa, ya pili hubeba mzigo wote. Swichi zake hazikuwa shimoni. Zilikuwa juu, ukutani, kwenye sanduku la bati, na mtu wa swichi hamwoni mtu wa pampu hata akichungulia.

Fundi alipanda ngazi zote nane kwa pumzi moja, akazima swichi kwa kiwiko, damu inamchuruzika hadi kwenye mkono wa shati. Mbele ya sanduku alisimama meneja, mikono hewani kama mtu aliyekamatwa. Wafanyakazi walimwita Suti, kwa sababu alivaa suti hata siku ambazo mbwa hutafuta kivuli.

"Nani kawasha?"

"Mimi. Wodi ya wazazi haina maji, muuguzi mkuu kanipigia simu mara nne. Nimekuta swichi imezimwa, nimewasha. Kosa langu liko wapi?"

"Na kofia?"

"Kofia gani?"

Fundi alipeleka mkono kichwani. Akakuta nywele tu.

Sanduku lile zamani lilikuwa na pete ya kutilia kufuli, ili swichi ikizimwa ifungwe na ufunguo ukae mfukoni mwa aliye shimoni. Pete ilivunjika. Fundi aliomba nyingine kwa maandishi mara tatu, na mara ya tatu Suti alimjibu huku akicheka: "Kofia yako si inatosha? Nani asiyeijua?" Na kweli hakuna asiyeijua. Ilikuwa kofia ya bluu iliyopauka, ukingo umelegea kama sikio la mbuzi. Ikining'inia kwenye swichi, maana yake kuna mtu chini. Miaka sita hospitali nzima iliiheshimu kofia hiyo kuliko ilivyomheshimu mwenyewe.

"Niliitundika hapa," fundi alisema. "Hapa. Kwa mkono huu."

"Mimi sikuona kofia, fundi. Naapa kwa wanangu."

Suti hakuwa akidanganya. Wakati huo kofia ilikuwa nyumbani kwa fundi, kwenye beseni, imelowekwa kwenye maji ya sabuni.

*

Aliyeichukua ni mke wa fundi. Kila siku saa sita alileta chakula, akakiweka kwenye kigoda chini ya sanduku la swichi, akaondoka bila kuita, maana fundi hakupenda kuitwa akiwa kazini. Siku hiyo aliiona kofia inaning'inia, imekolea grisi, akaisogelea, akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yao. Katika mkutano uliopita mwalimu wa zamu alimwona fundi na kofia yake, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba wanaokuja kuchukua taka wapitie geti la nyuma. Binti alisikia. Wenzake walisikia pia. Njia nzima ya kurudi mtoto alitembea hatua kumi mbele ya baba yake. Fundi mwenyewe alicheka, akasema mwalimu ana macho ya popo, lakini mkewe neno lile lilimkwama kooni miezi mitatu, haliendi chini wala halirudi juu. Kwa hiyo alipoiona kofia hapo, haijavaliwa na mtu, aliona bahati. Akaichomeka kwapani, akaenda kuifua.

Kwamba kofia ile ina kazi nyingine zaidi ya kukaa kichwani, hakuna aliyepata kumwambia.

Fundi alifika nyumbani saa kumi, kidole kimefungwa bandeji nene kama kibunzi. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini akishona kifungo. Mkewe alikuwa anafagia uani.

"Mungu wangu! Umefanyaje?" mkewe akauliza.

"Pampu imewashwa mimi nikiwa ndani. Mtu kaondoa kofia yangu kwenye swichi. Kofia ndiyo inayosema kuna mtu chini, usiguse. Mtu kaiondoa!" Sauti yake ilipanda hadi majirani wakafungua madirisha. "Ingekuwa kiganja kizima. Ingekuwa mkono. Wallahi nikimjua, na mimi nitamvunja wake, tuone atafulia nini!"

Alisema "atafulia" bila kujua kwa nini neno hilo ndilo lililomjia. Mkewe aliukaza ufagio mkononi. Kabla hajapata la kusema, fundi alikwishageuza uso, na pale kwenye kamba, katikati ya shuka na sare ya binti, akaiona kofia yake. Safi. Inadondosha maji.

Akaitazama kama mtu aliyekutana na marehemu sokoni.

"Hii... imefikaje hapa?"

Kuna uongo unaopangwa, na kuna uongo unaoruka wenyewe kama chura aliyekanyagwa. Huu uliruka.

"Si uliiacha asubuhi kwenye msumari wa chumbani. Nikaifua."

"Niliiacha?"

"Uliiacha."

"Lakini wewe ulileta chakula. Ulipita pale. Hukuiona kwenye swichi?"

Mlango wa kuurudia ukweli ulikuwa bado wazi, upana wa mtu mmoja. Mkewe aliutazama, akautazama na mkono ule uliofungwa, akasikia bado majirani wakipumua madirishani.

"Sikuona," akasema.

Fundi alikaa chini, palepale, kwenye udongo uliokwisha kufagiliwa.

*

Jioni ile nyumba haikujielewa. Fundi alikuwa na hakika kwamba aliitundika kofia. Aliikumbuka hata sauti ndogo ya ukingo kugonga bati. Alikuwa pia na macho, na macho yalikuwa yameiona kofia kwenye kamba. Vitu viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja, na kati ya kumbukumbu na macho, mtu mwenye akili huamini macho. Basi kilichoharibika ni kumbukumbu. Kwa hesabu hiyo, kadiri alivyokuwa na akili, ndivyo alivyojithibitishia kwamba hana.

"Nisikilizeni," akawaambia, amesimama katikati ya chumba. "Kuitenga pampu. Kwanza nazima swichi. Naweka kofia. Nashuka. Nafunga valvu ya kusukuma, kisha ya kuvuta. Nafungua kizibo cha chini maji yaliyobaki yatoke, maana maji yenye nguvu hayana urafiki. Ndipo naigusa. Sawa?"

"Sawa, baba," binti akasema, ingawa hakujua kama ni sawa.

"Kuirudisha. Kizibo nafunga. Nafungua ya kuvuta kwanza, iingie maji. Nalegeza kizibo cha hewa mpaka yatoke maji matupu bila mapovu. Nazungusha shafti kwa mkono. Napanda, natoa kofia, nawasha. Nashuka, nafungua ya kusukuma polepole." Akahesabu hatua kwa vidole. "Nimesema kizibo cha chini?"

"Umesema," mkewe akajibu.

"Nilisema nafunga au nafungua?"

Bibi, mama wa fundi, aliweka sindano chini. Alikuwa mwanamke asiyependa kuzunguka. "Baba yako alianza hivihivi," alisema. "Alikuwa na miaka arobaini na minane. Siku moja alikwenda kuchota maji akarudi na ndoo tupu, akabisha kwamba imejaa. Tulicheka. Mwaka wa pili akaniuliza mimi ni mke wa nani."

"Mama, acha."

"Na wewe una miaka mingapi?"

Kila mtu chumbani alijua ni arobaini na minane.

Fundi akatia sukari kwenye chai yake, akakoroga, akafikiri, akatia tena. Akaionja, uso ukamkunjamana. Akainywa yote mpaka chini, ili asikiri kwamba ametia mara mbili. Mkewe alimwona. Mwili wake ulikuwa chumbani lakini ulimi wake ulikuwa umefungiwa mahali asipopafahamu, na kila dakika iliyopita iliongeza komeo. Kusema "niliichukua" saa kumi kungekuwa kosa moja. Sasa yalikuwa matatu.

*

Asubuhi fundi alikwenda kazini mapema, akajipeleka mwenyewe kwa meneja. Angeweza kubisha. Hakubisha. Alikuwa mtu anayeamini kwamba valvu inayovuja hutajwa kabla nyumba haijafurika.

"Bosi, kofia niliikuta nyumbani. Sikuitundika. Na nilikuwa tayari kuapa kwamba nimeitundika." Akakitazama kidole chake. "Marehemu baba aliugua kusahau. Naogopa na mimi kumenianza."

Suti hakuwa amelala vizuri usiku uliopita. Aliyewasha ni yeye, na bodi ingemuuliza. Alipomsikia fundi, bega lake la kushoto lilishuka, kisha la kulia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona mlango wa kutokea.

"Pole sana, fundi. Kweli pole. Basi tulimalize kibinadamu." Akaandika, akamsogezea karatasi. Ilisema kwamba fundi wa maji anakiri kusahau kuweka alama ya tahadhari, na kwamba kwa ajili ya hali ya kumbukumbu zake anaomba mwenyewe kuhamishiwa kazi nyepesi ya geti la nyuma. "Saa nne narudi kutoka wodini, uwe umesaini. Soma taratibu."

Geti la nyuma, wanakopitia wazoa taka. Fundi alilisoma neno hilo mara tatu. Mara ya tatu hakuwa na hakika kama ameshalisoma.

Nyumbani, wakati huohuo, mkewe alikuwa ameikunja kofia kavu magotini. Bibi alimtazama kwa muda mrefu.

"Mkwe, tangu jana unapumua kama aliyebeba gunia. Litue."

Akalitua. Alisema yote, kuanzia kigoda hadi kamba, macho yameelekea sakafuni. Akangoja tusi. Bibi hakutukana. Aliinuka kwa kushika ukuta.

"Yaani mimi jana nimemsomea mwanangu msiba wa baba yake, na wewe umekaa hapo unanisikiliza?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilimzika mume wangu mara mbili, mara ya kwanza akiwa anatembea. Sitaki kumzika mwanangu kwa ajili ya kofia iliyofuliwa. Vaa viatu." Kisha akapiga kelele: "Acha viatu! Kimbia!"

*

Alifika ofisini na kandambili moja. Nyingine ilikatika njiani. Suti ndiyo kwanza ameketi. Fundi ameshika kalamu kwa kidole gumba na cha kati, kwa sababu cha shahada hakikunjiki.

"Usisaini."

"Mama, gonga kwanza," Suti alisema.

"Usisaini, baba watoto. Uliitundika. Mimi ndiye niliyeichukua. Nilipoleta chakula niliiona kwenye swichi, chafu, nikaenda kuifua kwa ajili ya mkutano wa shule. Jana nilikudanganya."

Fundi hakugeuka. Alitazama kalamu. "Rudia."

"Uliitundika kwenye swichi ya pili. Ukingo ulielekea dirishani."

"Ukingo ulielekea dirishani," alirudia yeye, kwa sauti ya mtu anayesomewa jina lake kwenye orodha ya walionusurika. Kisha akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, akamgeukia. "Jana. Umeniona nakunywa ile chai."

"Nilikuona."

"Kidole ningekusamehe kabla hujamaliza kuomba. Kidole ni nyama. Lakini umeniacha usiku kucha najitafuta ndani ya kichwa changu mwenyewe, najiuliza kesho nitakujua au sitakujua, na wewe uko pembeni unajua!"

"Niliogopa. Ulisema utamvunja mtu mkono. Na ungeniambia ile kofia ni ya nini," aliendelea mkewe, sasa machozi yamegeuka moto, "ningeigusa? Miaka sita! Kazi ya pampu huisemi nyumbani, eti si maneno ya jikoni. Mimi najua kofia ni kofia!"

Fundi alitaka kumfukuza na kumshika mkono, vyote kwa wakati mmoja, na mkono wenyewe ulikuwa umefungwa bandeji.

"Sawa," Suti alisema, akigonga meza kwa kidole. "Mambo ya ndoa mtayamaliza nyumbani. Karatasi haibadiliki. Alama haikuwepo, pampu imeharibika. Saini."

Fundi aliweka kalamu chini, taratibu, kama anavyoweka spana.

"Andika nyingine. Andika kwamba niliomba kufuli mara tatu. Andika na ulichonijibu. Hiyo nitaisaini hata kwa mdomo."

"Fundi, usijifanye jeuri. Mwisho wa mwezi tutaona nani atalia."

"Tutaona."

Simu ya mezani ikalia. Sauti ya muuguzi mkuu ilisikika hadi mlangoni: wazazi wanne wamejifungua tangu alfajiri, ghorofa ya juu hakuna tone, pampu moja imechoka. Suti aliziba simu kwa kiganja, akamtazama fundi. Hapakuwa na fundi mwingine. Wote watatu walilijua hilo.

Fundi alikuwa amekwisha simama. "Sili ya jana imeungua, lakini kuna moja imebaki stoo," alisema. "Hao walioko juu hawajanikosea."

*

Ukumbini alizima swichi ya pili, akaijaribu, akaijaribu tena. Mkewe alimpa kofia. Akaipokea, akaigeuza. Ilikuwa safi mno, bluu kama haijawahi kufanya kazi. Akamrudishia.

"Sina imani nayo tena," alisema. "Simama wewe."

"Mimi?"

"Swichi hii ni ya pili. Ya kwanza inafanya kazi, usiiguse. Hii hakuna wa kuiwasha mpaka nipande mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, uso wangu uuone. Siyo sauti. Uso. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Bado umenikasirikia?"

"Sana," akasema, akashuka.

Mkewe alisimama pale saa nzima, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, mgongo kwenye bati la sanduku. Wahudumu walipita na ndoo tupu wakamwangalia. Kutoka chini zilikuja sauti za spana, kukohoa, kimya, halafu spana tena.

"Mama watoto!"

"Nipo!"

"Nimekuambia nimefungua valvu ya kuvuta?"

"Umeniambia!"

"Mara ngapi?"

"Mbili!"

"Basi ngoja niitazame mara ya tatu."

Ukweli ulikuwa umemrudishia kumbukumbu zake, lakini ulizirudisha zimelegea bolti. Alishika gurudumu la valvu, akalikuta wazi, akaliachia, akalishika tena. Akalegeza kizibo cha hewa. Kikazomea, kikatema mapovu. Akasubiri maji matupu. Yalipokuja, aliyaacha yamwagike kiganjani zaidi ya ilivyohitajika, ili ngozi nayo iwe shahidi.

Juu, Suti alikuja kwa haraka, ile karatasi imekunjwa mkononi, simu inalia mfukoni.

"Bado? Mbona kumekuwa kimya? Ameshamaliza huyo. Sogea niwashe."

"Hapana."

"Mama, wewe si mfanyakazi wa hapa. Huyo anayepiga ni muuguzi mkuu. Unasikia simu inavyolia?"

Mwanamke hakusogea. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilitelemka ngazi zote nane.

"Iache ilie. Kuna mtu chini."